Uzi: Maneno pacha ya Kituruki tuyasome kwa Kiswahili, tusizungukie kwenye Kiingereza

Bandubandu

Wakuu, salaam.

Huu ni mwaka wangu wa nne Uturuki. Mwaka wa kwanza wote niliumaliza kwenye kozi ya lugha, kama ilivyo kwa wengi wanaokuja huku kwa ufadhili. Tangu hapo kila msimu wa masomo unapoanza napokea swali lilelile kutoka kwa wadogo zangu wa Dar, Tanga na Unguja: "Kaka, viambishi nimeshavikariri, majaribio nafaulu, mbona Waturuki wakizungumza wenyewe kwa wenyewe sishiki kitu?"

Nimekaa nikalifikiria. Kwa asilimia kubwa wanachokosa ni maneno pacha. Waturuki huyaita *ikileme*, kutokana na *iki*, yaani mbili. Ni maneno yanayotembea mawili mawili, ama neno moja limerudiwa, ama mawili tofauti yamefungwa pamoja hayaachani. Kitabu nilichosomea mimi kiliandikwa kwa Kiingereza na kiliyapa kurasa mbili tu karibu na mwisho, kana kwamba ni mapambo. Mtaani ukikaa dakika kumi kwenye kibanda cha chai utayasikia kila sentensi ya tatu.

Sisi Waswahili tunarudia maneno tangu utotoni. Polepole, moto moto, mmoja mmoja, vipande vipande. Basi kwa nini tuchukue neno la Kituruki, tulipeleke kwanza Kiingereza, likafie huko, ndipo tulilete nyumbani?

Nianze na rahisi. *Yavaş* ni taratibu, *yavaş yavaş* ni polepole. *Bir* ni moja, *birer birer* ni mmoja mmoja. *Kapı* ni mlango, na mtu aliyezunguka *kapı kapı* amepita nyumba kwa nyumba. *Sık sık* ni mara kwa mara. Hapa hakuna cha kufundishwa, masikio yenu yanajua.

Utamu uko kwenye vitenzi. Chukua mzizi, uongeze *-a* au *-e* kulingana na irabu zake, kisha urudie. *Koşmak* ni kukimbia, *koşa koşa geldi* ni alikuja mbio. *Bilmek* ni kujua, na aliyefanya kosa *bile bile* amefanya kusudi, huku anajua. *Sevmek* ni kupenda. Ukimwomba mtu msaada akajibu *seve seve*, amekubali kwa moyo mkunjufu. *Gülmek* ni kucheka, na hapo ndipo inapotoka *güle güle*, neno la kuagana ambalo kila mgeni hulijua siku ya kwanza bila kujua linasema nini. Maana yake ni "nenda hali unacheka". Na haliishii kwenye kuagana. Ukinunua kiatu kipya watakwambia *güle güle giy*, ukivae kwa furaha. Ukihamia nyumba mpya, *güle güle oturun*, mkae humo mkicheka.

Sasa soma hii: *Damlaya damlaya göl olur.* Ikidondoka ikidondoka huwa ziwa. Mwalimu alipoiandika ubaoni, wenzangu kutoka nchi nyingine walifungua kamusi za simu. Mimi nilishaandika daftarini: haba na haba hujaza kibaba. Methali yao inarudia neno mwanzoni na yetu inarudia neno mwanzoni, mapigo karibu ni yaleyale. Siku hiyo niliacha kutafsiri kupitia Kiingereza.

Nyingine mbili za namna hiyohiyo, za kila siku. *Söyleye söyleye dilimde tüy bitti*: nimesema nimesema mpaka ulimi umeota manyoya. Ni kauli ya mama aliyechoka kuwakumbusha watoto jambo moja. Na *bekleye bekleye ağaç oldum*: nimengoja nimengoja mpaka nimekuwa mti. Ukichelewa kukutana na Mturuki utaipata hii kwenye simu yako. Mnaona jinsi marudio yanavyobeba uzito wa muda? Ukiondoa neno moja, manyoya hayaoti na mti hausimami.

Kuna marudio mengine yanayobeba moyo wa msemaji, na haya ndiyo yananipendeza kuliko yote. *Sabah* ni asubuhi. *Sabah sabah bu ne gürültü?* ni "asubuhi asubuhi hii kelele gani?" *Gece gece nereye?* ni "usiku usiku huu unakwenda wapi?" Saa haijatajwa, ila malalamiko au wasiwasi wa anayeuliza umesikika. Bibi yangu angeisema vilevile mlangoni, kwa sauti ileile.

Halafu rangi na hali. Kituruki hukata silabi ya mwanzo ya neno, huifunga kwa moja ya herufi nne, *m, p, r* au *s*, kisha huibandika mbele. *Beyaz*, nyeupe, huwa *bembeyaz*. *Kırmızı*, nyekundu, huwa *kıpkırmızı*. *Temiz*, safi, huwa *tertemiz*. *Mavi*, buluu, huwa *masmavi*. Herufi ipi iende wapi hakuna kanuni ya kukuokoa, inabidi uyabebe kama yalivyo, na mkazo wa sauti unapanda kwenye hicho kipande cha mwanzo. Vitabu hufasiri yote haya kwa "sana". Nyeupe sana. Hapana! Sisi tuna *nyeupe pe*. Tuna *nyeusi tititi* kwa *simsiyah*, *pomoni* kwa *dopdolu*, *chapachapa* kwa *sırılsıklam*, *uchi wa mnyama* kwa *çırılçıplak*, *mchana kweupe* kwa *güpegündüz*. Chumvi ya neno sisi tunaiweka mwisho, wao wanaitia mwanzo. Tofauti ni hiyo tu.

Nitaendelea chini na zile pacha zisizofanana. Kwanza nani mwingine yuko huku au anajifunza? Karibuni.

Fundi Kokoto

Mkuu umenigusa. Nimefanya kazi miaka miwili chini ya wasimamizi Waturuki kwenye ujenzi wa reli hapa nyumbani. *Yavaş yavaş* na *çabuk çabuk* nilizijua kabla sijajua kuhesabu mpaka kumi. Kreni ikishusha mzigo ni yavaş yavaş, zege likianza kukauka ni çabuk çabuk.

Swali. Jioni nikiondoka nilikuwa nawaambia *güle güle*. Walikuwa wanatabasamu tu. Nilikosea?

Bandubandu

Fundi, *güle güle* husemwa na anayebaki kwa anayeondoka, kama "nenda salama". Wewe unayeondoka unasema *hoşça kal*, au *hoşça kalın* kwa wengi na kwa heshima, kama "baki salama". Sisi *kwaheri* inatumika pande zote mbili ndiyo maana linatuponyoka. Waliokusikia walielewa nia yako.

Na ukipita mahali watu wanafanya kazi, hata kama huwajui, sema *kolay gelsin*. Neno kwa neno ni "ije kwa wepesi". Mwingereza hana cha kuweka hapo. Sisi tunayo, tena kila siku: *pole na kazi*.

Mama Laleli

Mimi nafuata nguo za jumla Istanbul, mtaa wa Laleli, kisha nauza Kariakoo. Kituruki changu ni cha sokoni. Nimejifunza *tek tek* ni moja moja, ambayo wauza jumla hawaitaki, wanataka uchukue seti nzima. *Aşağı yukarı* nilidhani wananiambia nishuke ghorofa kisha nipande, kumbe ni "takriban".

Ila kuna kitu sijapata wa kunieleza. Nilimwambia kijana wa dukani nataka punguzo kwa sababu ya *nakliye*, usafirishaji. Akajibu kitu kama *nakliye makliye* huku anapunga mkono. Hilo la pili nimelitafuta kwenye kamusi sijaliona.

Bandubandu

Dada, hutaliona, halimo. Hiyo ni pacha ya *m*. Chukua neno lolote, lirudie, mahali pa herufi ya kwanza weka *m*. *Kitap* ni kitabu, *kitap mitap* ni vitabu na vitu vya aina hiyo. *Çay may* ni chai au chochote cha kunywa. Neno likianza na irabu unatanguliza *m* tu: *ev* huwa *ev mev*. Kwa Kiswahili tungesema "sijui chai sijui nini". Kwenye kukanusha ni "wala nini": *para mara yok*, hakuna pesa wala nini. Kijana wako alikuwa anasema mambo ya usafirishaji sijui nini usimletee.

Na neno likianza na *m* tayari, kama *masa*, meza? Hapo mashine inakwama, kwa hiyo wanaongeza *falan*: *masa falan*, meza na kadhalika. Hilo *falan* tunalo, ni *fulani* yetu, limetoka Kiarabu likafika kwao na kwetu. Wao nalo wameliundia pacha: *falan filan*.

Lakini naomba hapa kila mmoja asome kwa makini. Pacha ya *m* inapunguza hadhi ya kitu. Mwaka wangu wa kwanza niliizoea bwenini, nikaingia ofisi moja nikauliza kama kuna *hoca moca* yeyote ndani. *Hoca* ni mwalimu, tena ni neno la heshima kubwa. Uso wa yule mama mapokezi ulibadilika. Nilikuwa nimesema kitu kama "kuna vijiwalimu vyovyote humu?" Nilirudi kesho yake kumwomba radhi, akanipa chai, akanieleza vizuri kuliko kitabu. Usiitumie juu ya watu, wala juu ya jambo ambalo mwenzako analiheshimu.

Mwana wa Mtambwe

Nimesoma yote, shukrani. Lakini nakubali nusu, nusu nyingine nina neno.

Kiswahili tukirudia mara nyingi hatuongezi nguvu, twalegeza. *Anachekacheka* si kwamba anacheka sana. *Anaumwaumwa* si mgonjwa wa kitandani. Uji wa *majimaji* ni mwepesi. *Mbali* na *mbalimbali* ni maneno mawili yasiyojuana tena. Sasa ukimwambia mwanafunzi arudie tu kama nyumbani, humpotezi?

Bandubandu

Mtambwe, hili ndilo jambo nililotaka mtu alilete, na umelileta vizuri.

Ni kweli. Kurudia kwa Kituruki kwa kawaida hukaza au hueleza namna, hakulegezi. *Koşa koşa* si kukimbiakimbia, ni mbio kamili. *Beyaz beyaz dişler* ni meno meupe yote yanang'aa, si meno ya weupeweupe. Wakitaka kulegeza rangi hubadili mwisho wa neno: *beyazımsı*, nyeupe kiasi, *sarımsı*, ya njano kiasi. Kwa hiyo mwanafunzi wetu akisema *sarı sarı* akikusudia "manjano manjano hivi", amesema kinyume.

*Mbalimbali* nayo ni mtego. Neno *uzak* ni mbali, lakini *uzak uzak* haitakupa maana ya aina tofauti. Sema *çeşit çeşit*, aina kwa aina, au *ayrı ayrı* ukitaka kila kimoja peke yake.

Mtego mwingine ni *na*. Sisi husema usiku na mchana, ndugu na jamaa, kwa hali na mali. Wao hawaweki kitu katikati, hata alama ya mkato hairuhusiwi kwenye maandishi. *Gece gündüz çalıştı*, alifanya kazi usiku na mchana. Ukitia *ve* katikati, ikawa *gece ve gündüz*, pacha imepasuka. Umebaki na vitu viwili, usiku hapa, mchana pale. Angalieni lakini kwamba nao usiku unatangulia, kama kwetu.

Zinazofanana sura kabisa ni zile za viungo vya mwili. *Omuz omuza* ni bega kwa bega. *Yüz yüze* ni uso kwa uso. *El ele* ni mkono kwa mkono, wameshikana. Hizo chukueni bila hofu.

Mwalimu wa Voi

Habari zenu kutoka Kenya. Sijui Kituruki hata kidogo, nafundisha Kiswahili sekondari, uzi huu nimetumiwa na mwanafunzi wangu wa zamani.

Nyinyi mnazungumzia *pe* na *tititi*. Shuleni tunafundisha tanakali za sauti: anguka majini *chubwi*, matopeni *tapwi*, mchangani *tifu*, lala *fofofo*. Je, Kituruki kina mlango huo? Kama kipo ningependa kuwaonyesha watoto kwamba si sisi peke yetu, maana wengi huziona kama mambo ya kitoto.

Bandubandu

Mwalimu, shikamoo. Mlango upo na ni mpana.

Kwa sauti ya mara moja wanatumia *diye*, ambayo asili yake ni "ikisema". *Cup diye suya düştü*: alianguka majini "cup" (hiyo *c* isomeni kama *j* yetu). Ni *chubwi* yako hiyo. *Küt diye* ni kishindo kizito, *pat diye* ni ghafla.

Kwa sauti inayoendelea wanarudia. Maji ya kijito hutiririka *şırıl şırıl*, na yakija kwa wingi ni *gürül gürül*. Chungu huchemka *fokur fokur*. Theluji ya mabonge hushuka *lapa lapa*. Anayekoroma analala *horul horul*, ila mtoto aliyelala kwa amani, pumzi taratibu, analala *mışıl mışıl*. Sisi *fofofo* yetu inawabeba wote wawili. Kuna na zisizo za sauti kabisa: jicho au chumba kinachong'aa ni *pırıl pırıl*, kazi inayokwenda bila kukwama ni *tıkır tıkır*, kama saa.

Waambie wanafunzi wako kwamba watu wazima huku wanayatumia redioni, magazetini, kwa daktari. *Bol bol su iç*, kunywa maji kwa wingi, niliambiwa na daktari.

Binti Chwaka

Nimeolewa Izmir, mwaka wa sita. Niongeze ya jikoni kwa sababu mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa darasa langu. Kitunguu ukiambiwa *ince ince* ni chembamba sana, *halka halka* ni miduara, *küp küp* ni vipande vya pembe nne. Mkate ni *dilim dilim*. Mwenye kiu hunywa maji *kana kana* mpaka kiu ikatike, na chakula kikitoka jikoni utaambiwa *sıcak sıcak ye*, kile kingali moto moto.

Ukimaliza kula usinyamaze. Mwambie aliyepika *eline sağlık*, afya kwa mkono wako. Atakujibu *afiyet olsun*, na *afiyet* hiyo ni jamaa ya *afya* yetu. Nilipoanza kuisema hii kila mlo, mama mkwe aliacha kunichukulia kama mgeni.

Bandubandu

Dada yetu wa Chwaka, asante sana, haya ya jikoni sikuwa nayo.

Nimalizie ahadi, pacha zisizofanana. *Eş dost* ni wenza na marafiki, watu wako. *Konu komşu* ni majirani wote. *Hısım akraba* ni ndugu na jamaa, na *akraba* mnaijua. *Mal mülk* ni mali na milki, tena maneno yote mawili yametoka Kiarabu kama yetu. *Sağ salim* ni salama salimini: *sağ salim vardık*, tumefika salama salimini. Nyingine nusu yake haina maana ikikaa peke yake. Katika *eski püskü*, kuukuu na chakavu, *püskü* haisimami. *Ufak tefek* ni dogodogo, *tefek* haisimami. *Ivır zıvır* ni vikorokoro, na hapo nusu zote mbili hazisimami! Mpangilio haugeuzwi. Jicho likizoea utaona kwamba mara nyingi neno linaloanza na irabu ndilo linalotangulia: *eş dost, eski püskü, ufak tefek, abur cubur*. Hiyo ya mwisho ni vitafunio visivyo na faida mwilini.

Za kinyume pia zipo. *Er geç*, mapema-kuchelewa, ni "iwe isiwe siku moja". *İster istemez*, anataka-hataki, ni *atake asitake* yetu sawia. Na *göz kulak olmak*, kuwa jicho sikio, ni kumwangalizia mtu kitu au mtoto. Ukienda msalani maktaba mwambie jirani *çantama göz kulak olur musun*, atakulindia begi.

Msidhani ni misemo ya vijana. *İş güç*, kazi-nguvu, ni shughuli za mtu. *İşin gücün yok mu?* ni "huna kazi wewe?" Pacha hiyohiyo, kwa umbo la kale *iş küç*, imechongwa kwenye jiwe la kumbukumbu la Kül Tigin, mwanamfalme wa Waturuki wa kale, kule bonde la Orhun, Mongolia, mwaka 732. Mwandishi anasema Waturuki walimpa mfalme wa China kazi yao na nguvu yao kwa miaka hamsini. Karibu miaka 1,300 maneno mawili hayajaachana.

Kwa anayeanza leo: ukiulizwa kama unajua Kituruki, jibu *çat pat*, yaani kwa kuungaunga. Siku ukisikia wanasema unaongea *şakır şakır*, neno lilelile la mvua inayomwagika, umefika.

Fundi Kokoto

Mkuu nimejaribu. Nimemwandikia msimamizi wangu wa zamani, sasa yuko kwao Kayseri. Nimeandika *Abi nasılsın, çoluk çocuk nasıl?*, yaani kaka hujambo, nyumbani hawajambo? Hiyo *çoluk çocuk* niliwahi kumsikia akiisema kuhusu familia yake. Amenijibu kwa sauti dakika hiyohiyo, kwa furaha kubwa, ameongea mengi. Nimeshika mwisho tu: *iyi kötü yuvarlanıp gidiyoruz işte*. *İyi kötü* ni nzuri-mbaya, sawa. Hilo jingine refu ni nini?

Bandubandu

*Çoluk çocuk* umeipatia: ni watoto na wote wa nyumbani, na *çoluk* haisimami peke yake. *Yuvarlanıp gidiyoruz* ni "tunabingirika tunakwenda". Amekwambia mambo si mabaya, si mazuri, tunasukuma siku. Mjibu *Allah kolaylık versin abi*, Mungu akupe wepesi.